Kuku wa Siku ya Divali

Siku hiyo mtaa mzima wa Felicity ulinukia iliki na sukari. Arlene alikuwa jikoni akipika mchuzi wa kuku. Kila Divali, sikukuu ya taa ya Wahindu, jirani yake Kamla humletea sahani ya vitamutamu. Mwaka huu Arlene alikuwa ameapa kwamba sahani ile haitarudi tupu.

"Mama, kwa nini wanawasha taa?" binti yake Nerissa aliuliza.

"Ni sikukuu yao. Chukua sahani, twende."

Walimkuta Kamla uani, akipanga vitaa vya udongo juu ya mianzi iliyopindwa. Kamla alifunua sahani ya kuku, akaifunika tena taratibu.

"Jirani, sisi tumefunga. Siku hizi nyama haiingii nyumbani kwetu."

Arlene alitamani ardhi immeze. Miaka yote wameishi ua kwa ua, naye hakujua.

"Nerissa, turudi nyumbani," alisema.

Macho ya Nerissa yalijaa machozi. Tangu asubuhi alikuwa akisubiri taa.

"Kuku ndiye arudi," Kamla alisema. "Mtoto niachie."

"Nisamehe, jirani. Hata kumweleza mtoto niliogopa. Sisi Wakatoliki. Nilidhani atachanganya dini."

"Wewe nawe. Mimi kila Krismasi nakula keki yako mpaka nashindwa kuinuka. Umeniona nimebatizwa?"

Arlene alicheka, aibu ikapungua.

"Kusherehekea na jirani si kuhama dini," Kamla aliendelea. "Mtoto akiuliza, mwambie ukweli. Usipoujua, njoo umuulize mwenye sikukuu. Na chakula pia, uliza kabla hujabandika sufuria."

Arlene alimrudisha kuku nyumbani, akarudi mikono mitupu. Kamla alimwonyesha Nerissa kusokota utambi wa pamba na kutia mafuta ya nazi.

"Tunamkaribisha Lakshmi, mama wa neema," alimweleza. "Na tunakumbuka kwamba mwanga hulishinda giza."

Taa zilipowaka, Nerissa alivuta pumzi, mashavu yakamvimba. Kamla akamziba mdomo.

"Hizi hazipulizwi, mwanangu. Hii si keki ya kuzaliwa. Tunaziacha zizime zenyewe."

Miezi ikapita, Idi ikakaribia. Arlene alitaka kumpikia Bi Zorida, mjane Mwislamu wa nyumba ya pembeni. Kabla hajashika kisu, Nerissa alikuwa ameshafika kwenye geti la bibi huyo, mama yake akimfuata nyuma.

"Anti, tunataka kukuletea chakula cha Idi," alisema. "Ni vitu gani hamli? Na kwa nini mnafunga? Mama amesema tumuulize mwenye sikukuu."

Bi Zorida alimtazama mtoto, kisha akamtazama Arlene.

"Nimezaliwa mtaa huu, nimezeekea hapa," alisema. "Watu wameniletea vyakula vingi. Wa kuniuliza ndiye huyu wa kwanza."

Akafungua geti, akavuta viti viwili. Arlene aliketi kando ya binti yake, kifua kimemjaa fahari, akasikiliza.