Niliagizwa Nifute Kaburi la Baba Kwenye Picha

"Futa maandishi ukutani. Futa kaburi. Futa na huyo mama aliyekaa juu yake. Weka majani na maua."

Huo ndio ujumbe dalali Nosa alionitumia asubuhi moja, nikiwa sijamaliza hata uji wangu.

Picha ikafunguka taratibu, kuanzia juu. Bati. Dirisha. Ukuta...

Kijiko kikaniponyoka.

Ilikuwa nyumba yetu. Kaburi lilikuwa la baba yangu. Na yule mama, ndugu zangu, alikuwa mama yangu mzazi, ameketi juu ya vigae vyeupe anamenya mbegu za maboga kama kila siku.

Ngoja niwaeleze kazi yangu. Natengeneza picha za nyumba, za upande wa nje tu. Madalali wa Benin City wananitumia, mimi nanyoosha kuta zilizoegemea, naondoa nyaya na jenereta, na anga ya vumbi naifanya ya buluu. Nilijifunza mwenyewe, polepole, kwa kukosea.

Maandishi yale ya ukutani niliyaandika mimi kwa rangi nyekundu tulipomaliza kumzika baba: NYUMBA HII HAIUZWI. Mtaani kwetu wengi wameandika hivyo, maana matapeli wanaweza kuuza nyumba wewe ukiwa umelala ndani.

Nikampigia Nosa. Sikumwambia kwamba hiyo ni nyumba yetu.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Mtoto wa kwanza, Osaretin. Anakaa Lagos. Mteja yuko Italia, mama mmoja ana haraka. Ila hataki kusikia habari ya maiti wa watu."

"Na huyo mama aliyekaa?"

"Huyo anapelekwa kijijini. Fanya kazi, dada, acha maswali."

Osaretin ni kaka yangu. Kwa mila yetu, nyumba aliyoishi baba ni ya mwana wa kwanza. Lakini ni ya kutunza... nilidhani sote tunalijua hilo.

Nikampigia na yeye.

"Kaka, unauza nyumba?"

"Nani kakwambia?"

"Na baba je?"

"Baba amekufa, Itohan. Maiti hahitaji kiwanja mjini."

"Mama je?"

"Mama siku hizi anakula kidogo. Chumba kimoja kijijini kinamtosha."

"Sikubali."

Akacheka. "Wewe ni binti. Kakatae kwa mumeo. Ah, samahani... nilisahau alikukimbia."

Akakata simu.

Sikulia. Nilikaa nikafikiri.

Nikikataa, Nosa atampa mwingine. Nikikubali, mteja atakuja na picha yangu mkononi akitafuta bustani, atakuta kaburi na mjane juu yake. Atakimbia. Kwetu hakuna anayenunua nyumba yenye mfu wa watu wengine mlangoni.

Basi nikaamua picha iwe nzuri kupita zote, ili uongo wake uonekane kuanzia getini.

Nikachukua majani ya upande wa kulia nikayahamishia kushoto. Vigae vilikuwa vinakataa kufutika. Kila nikikuza picha, weupe unachungulia katikati ya majani. Nikarudia. Nikapanda vichaka vitatu vya maua mekundu chini ya dirisha, nikavipa kivuli kinachofuata jua.

Mama nilimfuta mwisho. Nilianzia miguuni.

Nosa akanijibu: "Dada, mkono wako una baraka."

Wiki haikuisha. Mama akanipigia.

"Itohan, umetuma watu?"

"Watu gani, mama?"

"Wana nyundo. Wana picha ya nyumba yetu. Osaretin anasema dalali amemwambia umeitengeneza wewe."

Nilifika nikiwa na kandambili za ndani.

Ukuta ulikuwa umepakwa rangi, maandishi hayapo. Vigae viko kwenye toroli. Kaka yangu amesimama na simu mkononi, anawaelekeza mafundi.

"Maua matatu, chini ya dirisha. Siyo hapo! Fuateni picha."

Mama ameketi chini, kwenye udongo. Pembeni yake palikuwa na kiroba cha mchele kimefungwa kwa kamba. Hakikuwa na mchele...

"Kaka, umefanya nini?"

Akanigeukia kwa furaha kabisa.

"Asante, dada. Mteja alisema anaitaka nyumba ilivyo kwenye picha. Na mimi nisingejua panapendeza hivi bila kaburi la baba."

Mama akainuka. Alikiburuta kile kiroba hadi chumbani kwake, akafunga mlango.

Ndugu zangu, mtego wangu ulimnasa baba yangu.

Sasa sikilizeni.

Yule mteja wa Italia alitaka kuijua familia. Akaulizauliza Waedo wenzake, watu wa kabila letu walioko huko, akaonyeshwa mzee mmoja anayeishi hukohuko Italia, akampelekea picha. Mzee akaitazama sana. Alikuwa baba yetu mdogo, Iyamu, ambaye hatukuwa na namba yake tangu mazishi. Vile vigae alivilipia yeye.

Akachukua namba ya Osaretin kwa mteja, akampigia. "Kaburi la kaka yangu liko wapi?"

"Lipo, baba mdogo. Hiyo picha imerembwa tu."

"Basi nitumie ya leo, isiyorembwa."

Jioni hiyo Osaretin akanipigia. Safari hii sauti ilikuwa ya asali.

"Dada yangu kipenzi. Nakutumia picha niliyopiga sasa hivi. Rudisha kaburi."

"Nilirudishe?"

"Vigae vyeupe, kama vilivyokuwa. Na mama juu yake. Halafu umtumie mwenyewe, namba hii hapa. Ikitoka kwako ataamini. Wewe huwa husemi uongo."

Nikaifungua picha. Majani. Maua matatu. Ukuta mtupu.

Nikaituma kwa baba mdogo ilivyo. Sikunyoosha hata ukuta. Mawingu niliyaacha.

Mteja akajitoa. Wazee wa ukoo wakakaa, wakamvua Osaretin nyumba. Baba akazikwa tena palepale, bila vigae. Mama hakuhamishwa.

Mnadhani nilishinda?

Jumapili nilimkuta mama barazani, mbegu mapajani, anatazama lile tuta jipya.

"Ile picha," akasema. "Mimi pia ulinifuta?"

"Ndiyo, mama."

"Ulianzia wapi?"

"Miguuni."

Akaitazama miguu yake. Kisha akakigeuza kiti chake, akanipa mgongo, akaendelea kumenya.

Mpaka leo ananipokea hivyo.

Usikubali kufuta kitu hata kwa hila njema, hata kwenye picha. Kuna mtu ataipenda picha yako kuliko kilichokuwepo, naye ana nyundo.