Mkono wa Badria Wafa Ganzi

Badria anaishi mtaa wa Mchafukoge na mumewe Sadalla, muuza vipuri katika eneo la Gerezani. Badria ni mtunzi wa hadithi. Alikuwa akiziandika kwa simu na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp, kila siku sehemu moja. Wasomaji wake walikuwa mia tisa, wengi wauza duka wa Kariakoo. Watu hao hawana subira hata chembe.

"Dada mtunzi, leta mzigo!" waliandika. "Tumekaa tu hapa, tunakusubiri wewe."

Badria aliwapelekea. Tangu asubuhi alijikunja kitandani, shingo imeinama, dole gumba halitulii. Mchana alikunywa chai ya rangi na andazi la jana. Maji aliyasahau. Usingizi ulimkimbia.

Mwezi wa tatu mama yake alifariki. Msibani wanawake walikaa mkekani wakilia. Badria alijifungia chooni, akaandika sehemu ya arobaini. Aliogopa wasomaji watahama. Hakumlilia hata mama yake mzazi. Inaniuma hata kulisimulia jambo hili.

Baadaye dole gumba lilianza kufa ganzi. Kifundo cha mkono kiliuma. Akili nayo ilichoka. Mzee Jongo, mtu wa kwenye hadithi yake, alizikwa sehemu ya ishirini. Sehemu ya mia moja na themanini akaonekana barazani anakunywa kahawa!

"Jamani, marehemu kafufuka!" kundi zima lilicheka.

Badria hakucheka. Wiki nzima hakuandika hata mstari. Alikaa akitazama ukuta, hapiki, haogi.

"Mke wangu, una nini?" Sadalla aliuliza.

"Nimekwisha. Kichwani hamna kitu. Mimi si mtunzi tena. Natamani nisiamke."

Sadalla aliogopa sana. Alishuka mbio kumwita Severa, muuguzi anayeishi ghorofa ya chini.

Severa alikaa kitandani karibu na Badria. "Mdogo wangu, nakuuliza waziwazi. Umefikiria kujidhuru?"

"Hapana, dada. Nimechoka tu."

"Ukifikiria, saa yoyote, niambie mimi au Sadalla. Usikae na jambo hilo peke yako. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Aliushika mkono wake. "Huenda mshipa wa fahamu umebanwa hapa. Kesho twende kituo cha afya, daktari akuangalie mkono na hiyo huzuni pia."

"Na wasomaji wangu?"

"Watasubiri. Fundi cherehani wa mtaa wa Kongo akiumia mkono, wateja watamshonea? Huli, hulali, halafu unataka kichwa kitoe hadithi! Na mama yako, umemlilia?"

"Sikupata nafasi."

"Miezi mitano, Badria?"

Hapo Badria alilia. Alilia mpaka sauti ikakauka, na Severa hakumnyamazisha.

Daktari alimpa kifaa cha kushikilia mkono. Alimwambia apumzike wiki sita, na arudi kuzungumza na mshauri kuhusu msiba wake. Badria aliwaambia wasomaji kwamba anaumwa. Mia nne walihama ndani ya siku mbili. Mmoja alimwita tapeli. Badria aliyaona majina yakiondoka, na kila moja lilimchoma.

Aliporudi kazini, alibadilisha mambo. Anaandika mezani, simu ameinyanyua usawa wa macho, shingo imenyooka. Kila nusu saa anainuka na kunyoosha vidole. Mchana anakula wali na mboga. Jioni anatembea na Sadalla mpaka bustani ya Mnazi Mmoja. Jumamosi anakaa na Severa, wanamzungumzia marehemu mama yake.

Si mambo yote yaliyopona. Asubuhi nyingine dole gumba bado lina ganzi. Siku nyingine Badria analia hata kabla ya kunawa uso. Hadithi ile ndefu aliiacha bila mwisho.

Lakini Jumatatu iliyopita aliandika kurasa mbili mpya. Alizisoma tena, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakuzionea aibu. Alizituma.

"Dada, hii imenigusa," msomaji mmoja alijibu. "Leta nyingine leo hiihii!"

"Ijumaa," Badria aliandika. Akazima simu, akaenda kula.