Tumbo la Kambale wa Miraji

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tano Aprili. Miraji alimkamua kambale mama aliyemchoma sindano ya homoni jana yake. Badala ya mayai ikatoka damu. Akamchoma tena, akakamua tena. Adhuhuri samaki akafa.

Miraji ni mgane wa Pongwe. Bwawa alilichimba na marehemu mkewe, Zuwena. Sasa alibakiwa na kambale mama mmoja tu. Huyo naye akifa, bwawa halina mbegu.

"Dawa feki," alisema, akizunguka bwawa, hana pa kukaa. "Wakubwa wanakuja, wanakula wali wa semina, wanaondoka. Sisi tunazika samaki."

Jirani yake Beatrisi, anayefanya kazi kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, alisikia akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunipa pole au kunicheka?"

"Yote mawili. Ulimchaguaje?"

"Kwa tumbo. Nilimlisha kama mwali aliyewekwa ndani."

Beatrisi akampasua yule mfu. Tumbo lilijaa pumba na dagaa. Mayai yalikuwa machache, madogo sana.

"Ulichagua shibe, baba."

"Hata kama. Sindano kazi yake nini?"

"Sindano ni ujumbe tu, kama ule unaotumwa na ubongo wa samaki. Unapita kwenye damu, lakini lazima upokelewe. Chembechembe zinazolizunguka yai zina vipokezi. Yai likiwa changa, vipo zaidi vya homoni ya kulikuza. Likikua, ndipo huongezeka vya homoni ya kulipevusha na kuliachia. Haya hayajafika huko. Ungemchoma hata ndoo nzima, yasingetoka."

"Nimepiga hodi kwenye ukuta," Miraji alinung'unika. "Na bwana samaki wa semina hakutuambia."

"Aliwaambia. Wewe ulikuwa nje unamsengenya."

Mama wa pili hakulishwa kesho yake, ili chakula kiishe tumboni. Kisha Beatrisi akavuta mayai machache kwa mrija mwembamba. Yalikuwa makubwa, yamelingana.

"Huyu tayari. Sindano moja, kwa kipimo cha uzito wake."

Asubuhi Miraji alimpapasa tumbo kidogo tu. Mayai yakamiminika. Wakayachanganya na mbegu za dume, wakayatia kwenye beseni la maji safi. Siku ya pili beseni lilikuwa linachezacheza kwa vifaranga.

Beatrisi alicheka. Miraji bado hakukaa. Mvua ya masika ilikuwa imeanza tena kupiga juu ya bwawa, naye alimtazama yule kambale mama, aliyerudishwa majini, akizama.

"Kambale wa mto Zigi anataga kwa mvua hii hii, hachomwi na mtu," alisema. "Huyu wangu mayai yalikomaa, vipokezi alikuwa navyo, mvua ikamnyeshea. Sasa ubongo wake ulisubiri nini, usitume ujumbe bila sindano?"