Picha ya Viatu na Picha ya Milima

Solange anauza mandazi katika mtaa wa Shari, mjini Bunia. Anaishi na mume wake Anselme, watoto wao, na mama mkwe wake, Micheline. Watoto humwita bibi yao Koko. Koko alitoka Kpandroma, kule kwenye milima ya Djugu, akikimbia vita. Siku hizi ana hamu moja tu: kuwakumbatia wajukuu zake wa Kinshasa. Hajawahi kuwaona.

Baba wa wajukuu hao ni Fabien, kaka yake Anselme. Siku moja alipiga simu.

"Maman, batoto banasema Bunia iko vita na vumbi tu. Mama yao Arlette naye anaogopa. Mututumie foto za ile parke mupya. Bakipenda, tunakuja vacances ya shule. Bakikataa, tunaenda Matadi."

Parke hiyo, bustani ya michezo, iko juu ya kilima, nje kidogo ya mji. Ina bembea, gurudumu kubwa la kupanda, na sanamu ya saruji ya okapi, mnyama wa msituni, ndefu kuliko mlango. Nyuma yake kuna milima ya Djugu. Ya karibu ni ya kijani, ya mbali ni ya buluu.

Jumapili, baada ya misa, familia yote ilikwenda huko. Walivaa vitenge vya aina moja na viatu vipya. Jua la saa sita lilikuwa kali. Walijipanga mbele ya okapi, bega kwa bega, wakakaza shingo kama askari. Solange alishika simu.

"Usikate viatu!" Anselme alimwambia. Kwao, picha isiyoonyesha viatu ni picha iliyokatwa miguu.

Walizituma picha Kinshasa. Jioni Arlette alijibu: "Foto zimefika. Viatu tumeona, ni vizuri. Sasa parke iko wapi?"

Solange alizitazama picha tena. Nyuso zilikuwa na giza. Mbingu ilikuwa nyeupe, milima haikuonekana. Okapi alibaki masikio tu, juu ya kichwa cha Anselme.

"Basi, habakuji tena," Koko alisema. Aliingia chumbani, akafunga mlango. Solange alimsikia akilia, naye roho ilimuuma sana.

Asubuhi alikuja jirani yao Domitille kununua mandazi. Domitille ana studio ya picha karibu na soko. Solange alimwonyesha simu. Domitille alicheka mpaka akashika tumbo.

"Bwana yako iko na masikio ya okapi!"

"Usinicheke, dada. Maman analia. Simu yangu ni mubaya?"

"Simu iko muzuri. Ni saa ndiyo mubaya. Saa sita jua iko juu ya kichwa, inatia giza mu macho, na milima inapotea. Muende asubuhi mapema, ao jioni."

"Yenga, Jumapili asubuhi, siye tunakuwa mu misa."

"Basi muende siku ya posho, Jumamosi! Nani amewakataza?"

Domitille alipitisha kidole kwenye kioo cha kamera ya simu. Kidole kilitoka na mafuta.

"Na hii? Weye unakaanga mandazi mu simu?" Alikifuta kioo kwa kitambaa safi.

Jumamosi walirudi parke mapema, Domitille akiwa nao. Jua lilikuwa chini, nyuma ya Solange.

"Unataka batoto ba Kinshasa baone nini?" Domitille aliuliza.

"Milima. Okapi. Na Maman."

"Voilà. Basi usipange batu kama ukuta. Ukiweka batu mbele ya kitu, umefunga dirisha. Maman akae kando. Kitu kimoja karibu, kingine katikati, kingine mbali. Jicho linapata njia ya kutembea."

"Lakini ataonekana mudogo!"

"Muache akuwe mudogo. Ndiyo milima itakuwa mikubwa."

Solange alitaka kuvuta picha kwa vidole viwili, ili Koko aonekane mkubwa.

"Hapana! Ukivuta, foto inaharibika. Tembea na miguu yako. Na simu ikae sawa, bila hivyo batasema parke inaanguka."

Solange alisogea mbele, kisha akarudi nyuma hatua chache, mpaka okapi mzima akaingia. Wakati huo Koko alikuwa amesahau habari ya picha. Aliinua mkono, akawaonyesha watoto milima ya mbali.

"Kwetu ni kule," alisema.

Solange alibonyeza.

Majani yalificha viatu vya Koko. Hakuna aliyelalamika, hata Anselme.

Mchana Fabien alipiga simu. Watoto walikuwa wakipiga kelele nyuma yake: "Koko anaonyesha nini kule?"

Koko alinyakua simu. "Mukuje muone!"

Na walikuja. Siku ya kwanza parke, Arlette aliwapanga watoto wake mbele ya okapi, bega kwa bega.

"Arlette!" Koko alipaza sauti. "Unafunga dirisha!"

Kila mtu alicheka, Arlette wa kwanza. Walingoja mpaka jioni, jua likashuka.

Picha ya jioni ile iko ukutani Shari. Milima imejaa kutoka upande hadi upande. Pembeni, mdogo kabisa, ni Koko, na wajukuu wa Kinshasa wako mikononi mwake.