Duka la Mama Tweve Lisilopenda Kuuza

Sogeeni, sogeeni. Mwenye masikio mawili ayalete yote mawili. Hadithi hii inaanza na begi.

Begi lilikuwa la Sekela. Sekela alikuwa na miaka saba, na meno mawili ya mbele yalikuwa yamekwenda zao.

Ndani ya begi kulikuwa na gauni, sweta na kitabu.

Kitabu kile kilikuwa na kazi. Sekela alikuwa amemwahidi Bibi kwenye simu. "Bibi, nikija nitakusomea hadithi. Mimi mwenyewe! Sasa najua kusoma."

"Ndaga, mjukuu wangu! Asante!" alisema Bibi. "Macho yangu hayaoni tena herufi. Nitakusubiri."

Mama alitangulia kwa Bibi. Sekela na Baba wakafuata kwa gari.

Lakini asubuhi ya safari, Baba alifungua begi la Sekela. Akatoa kitabu. Akaweka paketi nne za majani ya chai.

"Zawadi ya Bibi," Baba alijiambia. "Bibi anapenda chai."

Ni kweli, Bibi anapenda chai. Bibi anaishi Tukuyu. Kule kwake chai imeota mbele ya nyumba, nyuma ya nyumba, na pembeni mwa choo. Lakini Baba alikuwa ameshaamua.

Vruuum! Gari likaondoka Morogoro.

"Tazama mlima!" alisema Baba. Sekela akatazama mlima.

"Tazama mbuyu!" Sekela akatazama mbuyu.

"Tazama lori!" Sekela akatazama lori. Lilikuwa lori la arobaini na moja.

Walipokaribia Makambako, baridi ikaingia garini. Sekela akafungua begi atoe sweta. Sweta lilikuwapo. Chai ilikuwapo. Kitabu hakikuwapo.

"Baba! Kitabu cha Bibi kiko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani," alisema Baba. "Safari ni ya kutazama, mwanangu. Si ya kusoma."

"Lakini nilimwahidi Bibi!"

Machozi yakamjaa Sekela. Bibi atasubiri. Bibi atakaa kwenye kigoda chake, akunje mikono, asubiri. Halafu atasomewa nini? Paketi ya chai?

"Usilie, mama," alisema Baba. "Kwanza, hebu ona gari letu linavyokwenda. Gari hili halijawahi kuniaibisha."

Pshhhhhh!

Mvuke mweupe ukafuka mbele ya gari. Gari likasimama kando ya barabara, pale pale Makambako. Baba akashuka, akaita fundi.

Fundi akaja. Akafungua boneti, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Limechemka, mzee. Liache lipoe. Saa nzima."

"Saa nzima!" alisema Baba. "Tutafanya nini saa nzima?"

"Vukeni pale kwa Mama Tweve," alisema fundi. "Duka la vitabu. Wasafiri wote wanaingia pale. Ukipita Makambako bila kuliona, hujapita."

"Wananunua vitabu?" aliuliza Sekela.

Fundi akajikuna shingo. "Kununua? Ah. Hiyo ni bahati ya mtu."

Vuuuu! Upepo wa Makambako ukawasukuma. Sekela na Baba wakavuka barabara, wakafika mlangoni.

Lo! Vitabu vilikuwa kwenye rafu. Vilikuwa kwenye viti, na chini ya viti. Kimoja kilikuwa ndani ya sufuria.

Katikati ya vitabu alikaa mama mmoja mwenye kofia ya sufu. Alikuwa anasoma.

"Shikamoo, Mama," alisema Sekela.

"Marahaba," alisema Mama Tweve. Hakuinua macho.

"Naomba kitabu cha hadithi. Cha kumsomea Bibi." Sekela akachukua chenye samaki. "Hiki."

"Hicho bado sijakimaliza."

Sekela akachukua chenye ngoma. "Na hiki?"

"Hicho bado sijakimaliza."

Dereva wa lori akaingia, mrefu, kofia mkononi. "Mama Tweve, nimekuja tena. Kile cha kufuga kuku?"

"Hicho bado sijakimaliza. Nimefika pale kuku wanapougua. Siwezi kuwaacha katika hali ile."

Dereva akashusha pumzi. Alikuwa anakitaka kitabu kile tangu mwaka jana.

"Duka gani hili?" alisema Baba. "Mama, vitabu si vya kuuza?"

"Baba wewe," alisema Mama Tweve, "muuza machungwa huonja chungwa. Muuza asali huonja asali. Mimi nikuuzie kitabu ambacho sijakionja? Siwezi!"

"Na vile ulivyokwisha kuvionja viko wapi?" aliuliza Sekela.

"Viliuzwa. Vilikuwa vizuri sana."

Sekela akatazama rafu, viti na sufuria. "Kwa hiyo hivi vyote..."

"Bado," alisema Mama Tweve, akafungua ukurasa mwingine.

Baba akacheka kwa pua. "Mimi nakaa hapo barazani. Nalitazama gari langu. Safari ni ya kutazama."

Akatoka. Akakaa mwisho kabisa wa benchi.

Sekela akabaki. Na pale chini, karibu na mguu wa meza, akakiona. Kilikuwa kitabu chekundu. Juu yake kulikuwa na picha ya kalunguyeye, yule mnyama mdogo, mwiba huku, mwiba kule, ameshika maputo ya kuuza.

Kalunguyeye mwenye miiba anauza maputo! Bibi angecheka mpaka mbavu zimuume.

"Mama, na hiki?" aliuliza Sekela, taratibu.

"Hicho bado sijakimaliza."

"Umefika wapi?"

"Sijakianza."

Sekela akataka kulia. Lakini kwanza akafikiri. Vitabu ni vingi. Mama Tweve ni mmoja. Macho yake ni mawili tu, na yote yana kazi.

"Mama, kwani lazima uonje kwa macho? Nikusomee mimi. Wewe onja kwa masikio."

Mama Tweve akainua macho. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwa masikio," alisema. "Hilo sijawahi. Hutaruka ukurasa?"

"Sitaruka."

"Hata picha?"

"Nitakuonyesha zote."

Mama Tweve akaweka kitabu chake chini. Dereva wa lori akakaa kwenye ngazi ya duka. Sekela akafungua ukurasa wa kwanza, akausoma kwa sauti ndogo, maana alikuwa anaona haya. Baba kule barazani hakusikia neno.

Ukurasa wa pili sauti ikakua.

"Kalunguyeye alikuwa na maputo kumi. Akaja Kenge. Kalunguyeye akampa puto la njano. Akafurahi sana, akamkumbatia mteja wake."

Sekela akafungua ukurasa.

"Pa!"

Dereva akashtuka. Halafu akacheka.

"Akaja Kicheche. Kalunguyeye akampa puto la bluu. Akafurahi sana, akamkumbatia mteja wake."

"Pa!" alisema Mama Tweve kabla ya Sekela. Akaziba mdomo. "Samahani. Endelea."

Kule nje, Baba alisogea katikati ya benchi.

"Akaja Bundi. Kalunguyeye akampa puto la kijani. Akafurahi sana, akamkumbatia mteja wake."

"PA!" walisema wote watatu.

Baba akasogea tena. Sasa alikuwa chini ya dirisha. Alikuwa analitazama gari, ndiyo, lakini shingo yake ilikuwa imegeukia dukani.

Pa! Pa! Pa! Maputo yakapungua. Yakabaki matatu. Yakabaki mawili. Pa! Likabaki moja, jekundu.

Pi! Pi! Piiii!

"Mzee! Gari limepoa!" aliita fundi.

Baba akaruka kutoka kwenye benchi. Akaingia ndani. "Sekela, twende. Usiku utatukuta njiani."

"Baba, kurasa nne zimebaki!"

"Mama, tuuzie hicho kitabu twende nacho."

Mama Tweve akakaza uso. "Hicho bado sijakimaliza."

"Basi tukiache. Bibi tutamnunulia sukari."

Sekela hakufunga kitabu. Machozi yakamdondoka, moja likamwangukia Kalunguyeye. "Baba, Bibi hakuomba sukari. Wala chai hakuomba. Alisema atanisubiri mimi nimsomee."

Baba akatazama viatu vyake.

Dereva wa lori akamnong'oneza. "Mzee, puto limebaki moja. Jekundu."

Baba akatazama gari. Akatazama kitabu. Akatazama gari tena.

"Moja tu?" alisema.

Akakaa juu ya lundo la vitabu.

"Si hapo!" alisema Mama Tweve. "Hivyo bado sijavimaliza!"

Baba akakaa sakafuni. Sekela akafuta pua, akaendelea.

"Likabaki puto moja. Akaja mtoto wa Fuko. Alikuwa mdogo, na hajawahi kushika puto. Kalunguyeye akafurahi sana. Akanyoosha mikono..."

"Asimkumbatie!" alisema Baba.

"Akanyoosha mikono... akakumbuka miiba yake. Akachukua kamba ndefu. Akafunga puto. Akampa mtoto kamba. Halafu akarudi nyuma hatua moja, hatua mbili, hatua kumi.

"'Nakukumbatia kwa mbali!' alisema Kalunguyeye.

"Wakasubiri. Puto halikusema pa. Puto lilikuwa juu, jekundu, linacheza."

Sekela akafunga kitabu.

Mama Tweve akavua kofia ya sufu, akajifuta nayo macho. "Nimekimaliza," alisema.

"Kinauzwa?" aliuliza Sekela.

"Kinauzwa."

Baba akalipa. Mama Tweve akatoa kitabu kwa mikono miwili. Sekela akakipokea kwa mikono miwili. Akavuta. Kitabu hakikuja.

"Mama, achia."

"Naachia, mwanangu. Naachia."

Akaachia.

"Na mimi?" aliuliza dereva wa lori. "Cha kuku nani atakusomea, Mama?"

Wote wakamtazama.

"Kwani wewe huna mdomo?" alisema Mama Tweve.

Dereva akacheka, akavuta kigoda, akafungua pale kuku wanapougua.

Vruuum! Gari likaondoka. Malori yakapita. Baba hakuonyesha hata moja.

"Sekela."

"Abee, Baba."

"Huyu kalunguyeye. Ana miiba mwili mzima. Kwa nini auze maputo? Si angeuza karanga?"

"Iko ukurasa wa kwanza, Baba. Wewe ulikuwa unatazama gari."

"Ah," alisema Baba. Akaendesha mpaka Tukuyu.

Mama na Bibi walikuwa mlangoni. Kulikuwa na kukumbatiana, na wali wa moto, na ndizi.

Baba akatoa paketi nne za chai. Bibi akazipokea. Akazitazama. Akatazama nje, chai ilivyojaa mpaka mlimani.

"Ndaga, mwanangu," alisema Bibi. "Chai tulikuwa hatuna kabisa."

Mama akageukia ukutani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Wakati wa kulala, Bibi alikaa kwenye kigoda chake. Akakunja mikono. Akasubiri.

Sekela akafungua begi. Gauni lilikuwapo. Sweta lilikuwapo. Kitabu hakikuwapo!

Akatafuta chini ya kitanda. Akatafuta sebuleni. Akatafuta jikoni, na jikoni ndiko alikomkuta Baba. Alikuwa karibu na moto, midomo inacheza.

"Baba! Kitabu cha Bibi!"

"Hicho bado sijakimaliza," alisema Baba.

"Wewe!" aliita Bibi kutoka chumbani. "Mpe mtoto kitabu!"

Baba akaja, akampa Sekela kitabu. Akakaa chini, karibu na miguu ya mama yake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Kile cha kwanza nilikitoa mimi begini."

"Nimekusamehe, Baba. Lakini lazima useme pa."

Sekela akasoma ukurasa wa kwanza. Safari hii hakuona haya.

"Kalunguyeye aliyapenda maputo kuliko vitu vyote. Na ukipenda kitu sana, hutulii mpaka na mwenzako awe nacho. Ndiyo maana Kalunguyeye aliuza maputo, miiba yake na yote."

"Kumbe," alisema Bibi.

"Akaja Kenge. Kalunguyeye akampa puto la njano. Akafurahi sana, akamkumbatia mteja wake."

"PA!" alisema Baba, kwa nguvu, mpaka kuku wa Bibi wakalalamika bandani.

Bibi alicheka. Mbavu zikamuuma kweli. "Rudia," alisema, "rudia huyo Kenge." Sekela akarudia, akarudia tena, mpaka sauti ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, akalala na kitabu kifuani. Bibi akamfunika shuka.

Likizo ikaisha. Sekela, Mama na Baba wakaanza safari ya kurudi. Kitabu walimwachia Bibi. Tangu siku ile kila jirani aliyeingia kwake aliombwa asome, akapewa na chai.

Gari lilikwenda vizuri. Halikukohoa. Halikutetemeka. Likapanda mlima, likashuka mlima.

Karibu na Makambako, Sekela akasikia sauti.

Pshhhhhh!

Baba akasimamisha gari. Sekela akatazama mbele. Hakukuwa na mvuke. Mama akashuka, akagusa boneti. Haikuwa na joto la kutisha hata kidogo.

Sekela akamtazama Baba. Midomo ya Baba ilikuwa bado imebanwa.

"Limechemka," alisema Baba. "Bahati mbaya. Itabidi tukae kwa Mama Tweve saa nzima."

Akafungua mlango, akavuka barabara haraka haraka.

"Labda mbili!" aliita.