Mwanamke wa Kwenye Kiti cha Jikoni

Ilianza na kiti. Mke wa mpiga picha aliamka asubuhi akakuta kiti kimoja cha jikoni kimegeuzwa, kinatazama ukuta.

"Wewe, umegeuza kiti?"

"Sijakigusa."

Mkewe akacheka, maana kazini mumewe aliitwa Sigusi. Miaka kumi na tisa ya kupigia gazeti picha, hajawahi kusogeza hata kijiko ili picha ipendeze. Alimdharau hata dada yake mwenye studio, pamoja na mapazia yake yaliyochorwa maporomoko ya maji.

"Uongo wangu mteja anaujua, mdogo wangu," dada alikuwa akimjibu. "Pazia analichagua mwenyewe."

Siku moja tu Sigusi aligusa. Nyumba iliteketea na watoto wawili, na mama yao akakataa kupigwa picha. Kesho yake Sigusi alirudi na kiti cha jikoni kwake, akamketisha mkewe katikati ya majivu, mtandio kichwani, mgongo kwenye kamera. Gazeti likaandika: Mama wa marehemu. Watu walilia kwa picha ile. Kiti wakakipangusa wakakirudisha mezani.

Siku ya tatu tangu kiti kigeuke, jikoni kukanuka moshi, na jiko limezimwa. Siku ya tano, saa sita mchana, alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti kile akitazama ukuta, wali unaungua pembeni yake. Mume mwingine angepiga kelele. Yeye aliona tu jinsi mwanga wa dirishani ulivyomwangukia vizuri begani. Maiti na mafuriko ya miaka yote ile vilikuwa vimemwachia ganzi, na hakujua aitoe vipi.

"Nikijitazama kwenye kioo," mkewe alinong'ona, "uso wangu nauona kwa mbali. Unafifia. Fanya kitu, mume wangu."

Dada akaleta mganga. Mganga alikinusa kile kiti, akakataa kukikalia.

"Huyu jini aliingia na moto ule," alisema kwa sauti ya chini. "Mmemtengea pa kukaa, kisha mkambeba mpaka kwenu. Anaujua mgongo tu, kwa sababu ndio mliompa. Kirudisheni kiti majivuni. Na wewe ukaseme gazetini ule mgongo ni wa nani. Moja bila jingine ni bure."

"Njia ya mwongo fupi," dada alimwambia mlangoni. "Kaseme leo, kazi utapata nyingine."

Kiti alikirudisha. Kisha akaenda kwa mhariri, akasimama mbele ya meza yake, na kabla hajafungua mdomo mhariri akamshika mkono.

"Picha yako tumeipeleka mashindanoni. Ni ya kweli, ndiyo maana inauma!"

"Asante," alisema Sigusi. Akatoka.

Njiani alijiambia atasema kesho, na alipofungua mlango harufu ya moshi ikampokea ukumbini, akaifuata polepole akipita viatu vya mkewe vilivyopangwa vizuri, akipita kioo kilichogeuzwa kutazama ukuta, akiisikia mbao ikilia kama inavyolia mtu akijiweka sawa kitini, mpaka akafika jikoni na kukiona kile kiti alichokiacha majivuni kwa mikono yake mwenyewe, kina majivu miguuni, na mkewe amekikalia, mtandio kichwani, mgongo kwake.

"Umewaambia?" Sauti ilikuwa ya mkewe, lakini ilitoka mbali.

"Bado."



"Geuka basi, mke wangu. Nikuone."

Akageuka. Mtandio ukaanguka. Mbele nako kulikuwa na kisogo.

Sigusi alijua anapaswa kulia. Alisimama akayangoja machozi, hayakuja. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuitafuta kamera.