Mlima wa Sebuleni

Kila asubuhi, kabla ya chai, vikombe vyetu vilitetemeka kabatini. Halikuwa tetemeko la ardhi. Alikuwa kaka yangu, akipanda mlima sebuleni.

Mlima wenyewe uliletwa na shangazi, mwenye chumba cha mazoezi mjini. Ilikuwa mashine ya kukimbilia: mkanda unazunguka chini ya miguu, nawe unatoka jasho bila kufika popote. Hii ilizizidi nyingine kwa jambo moja. Ukibonyeza namba, sehemu ya mbele inainuka, na ukifika thelathini inasimama kama paa la nyumba. Muuzaji alimpa shangazi wiki mbili za kuijaribu kabla ya kuinunua.

"Wewe si unajiandaa kwa mbio za milimani?" shangazi alimwambia kaka. "Basi ipande kila siku, uniandikie ukweli daftarini."

Kaka alivimba kama chura wa masika. Timu ya shule ilihitaji wakimbiaji wanne. Watatu wangechaguliwa Jumamosi ya pili, na wa nne wiki tatu baadaye. Aliitaka nafasi ile kuliko chakula, na kaka kwa chakula hana mzaha.

"Leo thelathini, dakika arobaini!" alitangaza siku moja, akijipangusa shingo.

"Mbona umeng'ang'ania vishikio kama mtoto anayejifunza kusimama?" nilimuuliza.

"Unajua nini wewe? Vishikio vimewekwa vishikwe."

"Hata breki ya baiskeli imewekwa ishikwe. Umeona nani akishinda mashindano ameikamata?"

"Kaoshe vyombo."

Jioni rafiki yake, tuliyemwita Kobe, alipita akitoka kukimbia kilima cha machimbo ya kokoto, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kobe, bado unakula vumbi?" kaka alimcheka dirishani.

"Nakula, bosi. Na nashiba."

Daftari la kaka nililisoma kwa siri, kama ilivyo haki ya kila mdogo mtu. Aliandika hivi: "Mashine inafaa. Thelathini ni rahisi, hata bibi kizee ataiweza." Kuhusu vishikio, kimya. Nami nilinyamaza. Niliisubiri Jumamosi kama watu wanavyosubiri harusi.

Jumamosi ya mchujo wa kwanza ikafika, tukakusanyika chini ya kilima. Filimbi ilipolia, kaka alitangulia, kifua mbele, akituangalia watazamaji kama mfalme anayekagua mbuzi wake. Katikati ya kilima ufalme uliisha. Alipapasa hewani kutafuta pa kushika, akakamata nyasi, nyasi zikang'oka. Alifika kileleni wa tisa. Kuteremka ndiko kulikokuwa kioja: mlima wa sebuleni hauna mteremko, kwa hiyo mapaja yake hayakuujua. Yalitetemeka, akaketi, akaserereka kwa makalio mbele ya shule nzima. Kobe alikuwa wa pili. Kaka alikuwa wa kumi na nne, na kaptura yake ilistaafu siku hiyohiyo.

Jioni shangazi alikuja, akasoma daftari, akatabasamu.

"Vizuri. Kama thelathini ni rahisi hivi, Jumatatu nampandisha mteja wangu mmoja, fundi cherehani anayeuguza goti."

Kaka alitazama sakafu.

"Shangazi, usimpandishe. Nilishika vishikio."

"Siku ngapi?"

"Zote."

Shangazi hakupaza sauti. "Panda. Mikono huru."

Kwenye thelathini alidumu dakika mbili, akashuka akihema kama mbwa wa jua kali. Shangazi alimshushia hadi kumi na mbili, na hapo alijikaza robo saa. Kisha kaka alifuta maneno yake na kuandika upya: "Thelathini: dakika mbili. Kumi na mbili: dakika kumi na tano, bila kushika. Inapandisha vizuri. Haiteremshi. Anayetaka kuteremka aende kilimani."

Shangazi aliinunua kwa neno hilo, akatuachia kwa wiki tatu zaidi. Asubuhi kaka alipanda mikono ikiwa huru. Jioni alimfuata Kobe machimboni, akajifunza kuteremka. Mchujo wa mwisho ulipofika, aliipata ile nafasi ya nne ya timu, akimzidi aliyemfuata kwa hatua mbili tu.

Siku ya kuichukua mashine, shangazi alimshika bega.

"Mashine haikudanganya, mwanangu. Mikono yako ndiyo iliyodanganya, kalamu ikaitetea. Ukipewa kitu ukipime, nacho kinakupima wewe."

Nilicheka kwa sauti. Shangazi akanigeukia.

"Na wewe? Uliviona vishikio tangu siku ya kwanza."

"Nilimwambia, shangazi!"

"Ulimkejeli. Mimi je, uliniambia? Ulikuwa tayari fundi wa watu aanguke ili upate kichekesho. Ukweli ukiufunga kwa dharau, anayeuhitaji hataufungua."

Kaka hakucheka. Aliinama, akakamata upande mmoja wa mashine, akanionyesha kwa kidevu niushike ule mwingine.